Mti Uliolia Maziwa

Mimi ni Mpare na sili makande. Hapa Same nikiwa msibani au harusini na sahani ikanifikia, naisogeza kwa jirani, na hapo hapo atatokea mama mmoja wa kuniuliza kama nina vidonda vya tumbo. Namwambia ninavyo. Ni rahisi kuliko kueleza. Vidonda sina. Nilichonacho ni kinyaa, nimekaa nacho tangu nikiwa na miaka kumi na tisa, nimefundisha nacho shule nne mpaka nikastaafu, na nilishaamua nitazikwa nacho kimya kimya. Kisha mwezi uliopita kijana mmoja wa kwaya akashuka kutoka milimani na pikipiki, akabisha hodi, akaniamkia kwa adabu zote, akanipa kadi ya mwaliko na kijitabu chenye jalada linalong'aa. Usharika wa kule juu ulikuwa unazindua nyimbo zake. "Tumekutafuta sana, Mwalimu," akasema, "kumbe uko hapa hapa chini." Nikamkaribisha chai. Akatoa simu, akaniwekea video. Vijana wamevaa vitenge vya kufanana, wanayumba mbele ya maporomoko ya maji, kinanda kinalia, kamera inapaa angani na kuonyesha mashamba ya tangawizi. Wimbo niliujua kabla hawajafungua midomo vizuri. Na chini ya picha, kwa herufi za njano, pameandikwa kwamba mtunzi ni Mwalimu Namsifu. Huyo ni mimi. Nikaweka kikombe chini. Nikamuuliza nani kawaambia kwamba mimi ndiye mtunzi. "Tulikuta karatasi za zamani kwenye kabati la ofisi ya usharika, Mwalimu. Juu kabisa lipo jina lako." Alikuwa anatabasamu, maskini, akidhani nakaribia kulia kwa furaha.

Sikuutunga ule wimbo. Sijawahi kutunga hata wa kubembelezea mtoto. Aliyeutunga ni Mama Nakijwa, na usharika huo huo unaouzindua leo ndio uliomnyima Meza ya Bwana kwa ajili yake, akafa hajairudia, akazikwa bila kengele. Aliyemfikisha huko ni mimi. Nayasema haya mapema ili msomaji asije akanihurumia njiani.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri nafasi ya chuo cha ualimu, na nilikuwa nakaa hapa Same kwa Madam Helen, Mwingereza aliyefundisha shule ya sekondari. Chumba changu kilikuwa uani, mlango wake wa bati, na upepo wa Same ukianza kuvuma vumbi liliingia mpaka kwenye mswaki. Kazi yangu ilikuwa kumchapia karatasi zake kwa taipureta na kumfasiria Kichasu, lugha yetu Wapare, kila alipokihitaji. Sebule yake ilijaa vitabu mpaka chini ya meza. Chakula chake kilikuwa viazi vya kuchemsha visivyo na chumvi na kabichi iliyopikwa mpaka ikapoteza rangi, na chai haikutiwa sukari kwa sababu, alisema, sukari inaficha ladha. Ladha gani, sikumwuliza. Nilikula kwa heshima, halafu nikaenda dukani kununua mandazi. Katikati ya meza palikaa kitabu kimoja kikubwa chenye ukungu, kilichonuka kama kiatu kilicholowa, na hicho ndicho alichokitumikia. Yalikuwa mashairi ya ibada ya Waingereza wa Zama za Kati, wakati huko kwao watu walikuwa wanalima kwa ng'ombe na kufa kwa homa kama sisi. Alikuwa amekaa nayo miaka na miaka, anaandika utafiti usiokwisha.

Jioni tukimaliza kula alinisomea, kisha akanieleza kwa Kiswahili chake cha darasani, kila neno limepigwa pasi. "Namsifu, hawa walikuwa wakulima. Walimtafuta Mungu katika vitu walivyoviona shambani." Katika mashairi yale, aliniambia, Mariamu ni ua. Neema ni umande. Majeraha ya Yesu ni visima, mtu anakwenda kuteka. Msalaba si mbao zilizopigwa misumari, ni mti ulio hai, una majani, unazaa, na tunda lake ni yule aliyetundikwa juu yake. Majani yakipukutika kwa baridi mshairi anakumbuka kwamba na yeye atakufa, na ndege wakianza kulia tena anakumbuka kufufuka. Mimi nilisikiliza nimeduwaa. Kanisani kwetu tuliimba nyimbo za kutafsiriwa, zimejaa theluji ambayo hatukuijua isipokuwa ile ya Kilimanjaro, tena kwa mbali, siku ambayo mawingu yamekubali kufunguka. Miti yetu, chemchemi zetu, mvua zetu za vuli, hivyo vyote tulifundishwa kuviacha nje ya mlango wa kanisa pamoja na viatu vyenye tope. Ndipo nikafungua mdomo wangu. Nikamwambia, "Madam, kule kwetu juu yupo mama anayeimba hivyo hivyo."

Mama Nakijwa alikuwa mjane wa makamo, mwembamba, mwenye sauti nzito kuliko mwili wake. Binti yake Naetwe tulisoma naye darasa moja, kwa hiyo jiko lao nililijua tangu utotoni: mafiga matatu, chungu kilichoungua chini, mbuzi aliyefungwa pembeni akitafuna maganda, na moshi ambao mgeni ulimtoa machozi na mwenyeji hakuuona. Madam akanituma nyimbo zake, nikawa napanda kila Jumamosi na daftari. Hakukubali kuimba kabla sijala. "Kula kwanza, mwanangu, hayo ya kuandika yatakuja," alisema, na Naetwe ananiwekea makande ya maharage mekundu na maziwa ya mgando juu yake. Wakati ule niliyapenda kuliko wali. Kisha Mama Nakijwa alifuta mikono kwenye kanga, akatazama moto, akaimba. Aliimba kwa Kichasu na mimi niliandika kwa Kiswahili, na wimbo wake wa Ijumaa Kuu, ule niliousikia kwenye simu, ulikwenda hivi:

Walimsimamisha penye jicho la maji,
ubavu wake ukafunguliwa kama ndiva alfajiri.
Mwenye zamu na aje na jembe lake.
Mti ukalia maziwa, mti ukalia,
kwa kuwa watu walikuwa hawalii.

Ndiva ni bwawa tunalolichimba sisi wenyewe mlimani, linakusanya maji ya kijito usiku kucha, na alfajiri linafunguliwa ili kila shamba lipate kwa zamu yake. Anayejua namna maji yale yanavyotoka, baridi, yanakimbia kwenye mfereji na wewe umesimama pembeni na jembe ukingoja kuyaelekeza kwako, hahitaji mtu wa kumfafanulia ubavu wa Yesu. Mama Nakijwa hakuwa amesoma zaidi ya darasa la pili. Lakini alikuwa amefika palepale walipofika wale wakulima wa Kiingereza, kwa njia yake mwenyewe na jembe lake begani.

Siku moja Madam akapanda pamoja nami. Alikaa kwenye kigoda, magoti yakigusa kidevu, akala sahani tatu, akasikia wimbo, machozi yakamtoka, na safari hii haukuwa moshi. Akauliza, "Mama, kwa nini maziwa?" Mama Nakijwa akanitazama mimi kwanza, kuhakikisha nimesikia swali vizuri. "Si ndivyo unavyolia, Madam? Ukiukata mkuyu unatoa maziwa. Hata mtoto anajua." Basi. Hilo ndilo lilikuwa jibu, zima, halina kitu nyuma yake. Lakini Madam hakuridhika nalo. Wakati tunashuka akaniambia kwamba kule Uingereza, chini ya picha hizo za Kikristo, wasomi wamekuta mambo ya kale zaidi, ya watu walioabudu visima na miti. "Lazima kuna kitu chini yake, Namsifu. Chunguza." Nami, kwa kuwa nilitaka kuonekana binti mwenye akili, nikachunguza. Nilichunguza kichwani mwangu, nimekaa kwenye kitanda changu cha uani, sikumwuliza mtu yeyote.

Kule kwetu kila ukoo wa zamani una mpungi, kipande cha msitu kisichokatwa, ambako mababu walifanya tambiko lao. Jicho la maji la kijiji chetu, chemchemi tuliyoteka wote, liko ndani ya mpungi mmoja, na juu yake ulisimama mkuyu mkubwa. Tambiko lilishaisha zamani, wazee waliolijua walikuwa wamebaki wawili na wote wamebatizwa. Lakini Madam alitaka kitu chini yake, nikampa. Niliandika pembeni ya wimbo: Kabla ya kutunga, mama huyu humwaga maziwa chini ya mkuyu wa mpungi na kuiomba mizimu impe maneno. Sentensi hiyo nimeikumbuka miaka yote hii na kila nikiikumbuka natamani kutema mate. Sikuiandika kwa chuki. Niliiandika kama mtu anavyomwongezea mgeni mchuzi. Madam akaisoma, uso ukamwaka, akaniuliza, "Uliona wewe mwenyewe?" Nikasema, "Ndiyo, Madam." Akafungua kopo lake la biskuti zilizotoka kwao, zile alizozibania hata yeye mwenyewe, akanipa mbili. Nikazila.

Tukachapa nyimbo zote kwenye stensili, nakala kumi, na juu kabisa Madam akaweka kwa herufi kubwa kwamba zimekusanywa na Namsifu. Nakala moja akampelekea Mchungaji wa usharika kwa heshima, maana aliamini kila mtu mwenye joho anapenda mashairi. Haikupita wiki mbili Mama Nakijwa akaitwa mbele ya wazee wa kanisa. Siku hiyo mimi nilikuwa jikoni kwa Mchungaji, namsaidia mkewe kumenya magimbi. Nilikuwa nimekuja kwa shida yangu: chuo kilitaka barua ya kiongozi wa dini ya kuthibitisha tabia njema, na Mchungaji alikuwa ameniambia niipitie. Mlango wa kwenda sebuleni ulikuwa wazi. Sauti ya kwanza niliyoitambua ni ya Mzee Elieza, mzee wa kanisa ambaye shamba lake lilikuwa chini ya la Mama Nakijwa, na ambaye kwa miaka alikuwa akilalamika kwamba mama huyo anachelewa kuziba mfereji zamu yake ikiisha. Mtu wa namna hiyo ukimpa dhambi ya jirani mkononi, ataishika kwa mikono miwili.

"Nakijwa, mti huu ulioko kwenye wimbo wako ni upi?" Mchungaji akauliza.

"Ni msalaba, Mchungaji."

"Msalaba unatoa maziwa?"

"Huu wangu unatoa."

"Ni mkuyu," Mzee Elieza akadakia. "Mkuyu wa mpungi. Sema tu, sote ni watu wazima hapa."

"Na ukiwa mkuyu, kuna ubaya gani? Zakayo alipanda mti gani apate kumwona Yesu?"

Mke wa Mchungaji akaficha uso kwenye kanga yake, mabega yanamtikisika kwa kicheko. Nami nilicheka, nakumbuka vizuri, nilicheka na gimbi mkononi. Kisha nikasikia karatasi ikikunjuliwa, na Mchungaji akasoma ile sentensi yangu, polepole, neno kwa neno. Mama Nakijwa akauliza nani kaandika hayo. Nikaitwa.

Nilisimama mlangoni nikifuta mikono kwenye gauni. Wazee watano, vikombe vya chai, vumbi linaelea kwenye mwanga wa dirisha. Kwenye meza, chini ya Biblia, niliona pembe ya bahasha ya kaki yenye jina langu. "Namsifu, haya uliyaandika wewe?" "Ndiyo, Mchungaji." "Ni ya kweli?" Hapo ndipo mwaka wote ule ulipokaa, kwenye swali hilo. Neno moja tu lingetosha, hapana, na Mama Nakijwa angekwenda zake nyumbani kuchochea moto wake. Mimi ningeaibika, bahasha ingerudi kabatini, na huenda ningeuza nyanya Lembeni maisha yangu yote, kazi ambayo wanaifanya watu safi kuliko mimi. Mama Nakijwa alikuwa ananitazama. Hakukasirika. Alinitazama kama anavyotazamwa mtoto anayekawia kumaliza hesabu ubaoni. Nikasema, "Ndivyo nilivyosikia." Hata uongo wenyewe sikuwa na ushujaa wa kuusema wote. "Umesikia kwa nani, mwanangu?" akaniuliza. Nikatazama sakafu. Mchungaji akasema inatosha.

Hukumu ilikuwa ile ya kawaida: akae Jumapili tatu kwenye benchi la mbele, upande wa kushoto, benchi la wanaotubu, walipokalishwa wasichana waliopata mimba na wanaume waliokutwa kwa waganga, kisha asimame aombe msamaha mbele ya usharika. Vinginevyo atengwe na Meza ya Bwana. Mama Nakijwa akainuka, akajifunga kanga vizuri. "Nina mengi ya kutubu, Mchungaji, na nitayatubu. Hilo sikulifanya. Nikisema nimelifanya, nitakuwa nimemdanganya Mungu ndani ya nyumba yake." Akatoka kwa mlango wa jikoni, akapita mbele yangu, akasema, "Haya, mama mchungaji, asante kwa chai," maana hakutaka kuondoka kwenye nyumba ya watu bila kuaga. Jioni ile ile nikapewa bahasha yangu. Barua ilisema mimi ni msichana mwaminifu.

Mambo ya namna hii hayaishi kwenye karatasi. Mwezi uliofuata likapigwa baragumu la msaragambo, ile kazi ya kijiji ambayo kila nyumba lazima itoe mtu, na safari hii haikuwa barabara wala mfereji, ilikuwa kwenda kuukata mkuyu ili ushetani uondoke. Mzee Elieza alishika shoka la kwanza. Nilikuwepo, kwa sababu nyumbani nilitumwa mimi. Waliupiga tangu asubuhi. Na kweli ulilia, utomvu mzito, mweupe, ukitiririka kwenye gome mpaka kwenye mizizi, ukawagandia watu mikononi, ukageuka kahawia, nzi wakaja. Walikuja nzi ambao sijui walikuwa wapi siku zote. Wanaume walijipangusa kwa majani na hautoki. Mti ulipoanguka ukalalia jicho la maji, na maji yakawa rangi ya chai ya maziwa, na kila mmoja pale aliujua ule wimbo. Kisha ikadhihirika kwamba mkuyu haufai mbao wala nguzo, jambo ambalo walilijua tangu zamani, kwa hiyo wakaupasua kuni. Kuni mbichi. Wanawake wakapikia makande ya wafanyakazi palepale, yakafukizwa moshi mchana kutwa yasiive, mahindi magumu, na yalinuka ule utomvu, kitu kati ya maziwa yaliyoharibika na majani yaliyooza. Watu wakala. Mzee Elieza aliomba sala ya chakula, ndefu, akamshukuru Mungu kwa uumbaji wake wote. Mimi nikapokea sahani yangu kwa vidole vilivyonata, nikala, kwa kuwa kutokula kungeonekana. Nikaenda nyuma ya mgomba nikatapika. Tangu siku hiyo mdomo wangu haujapokea makande.

Madam aliniuliza kwa nini hatupandi tena Jumamosi. Nikamwambia mama ni mgonjwa. Mwisho wa mwaka akarudi kwao na kitabu chake, na karatasi zangu ndani ya sanduku, akiamini amekuta Zama za Kati zikiwa hai juu ya milima ya Upare. Nilimwandalia chakula cha mwisho, viazi, nikaacha chumvi kwa makusudi. Mimi nikaenda chuo. Zamu ya maji ya Mama Nakijwa ilihamishwa ikawa ya mwisho kabisa, baada ya ile ya Mzee Elieza, maana wakubwa wa ndiva na wazee wa kanisa walikuwa watu wale wale. Nililisikia hilo nikiwa chuoni, na niliposikia kwamba amefariki nilikuwa nafundisha darasa la tatu huko Mwanga, umbali wa kwenda na kurudi siku moja. Sikwenda. Nilijiambia kuna mitihani.

Sasa ile kadi. Nilikaa nayo siku nne kwenye kabati la vyombo, halafu nikapanda. Kanisa wamelijenga upya, vigae, feni ambazo hazihitajiki kwenye baridi ile, vipaza sauti vinavyoumiza masikio. Kijana wa kwaya akanipeleka kwenye viti vya wageni wa heshima vilivyovalishwa vitambaa vyeupe. Nikampita. Nikaenda mbele, upande wa kushoto, pale lilipokuwa benchi. Benchi la zamani halipo, pamewekwa la plastiki la watoto, nikalikalia hilo hilo. Akaja mbio mama mmoja mwenye beji, akaniinamia. "Shikamoo, Mwalimu. Samahani, hapa si pako." Nikamwambia, "Marahaba, mwanangu. Ni pangu, umechelewa tu kuzaliwa."

Walipomaliza kuimba, Mchungaji wa sasa, kijana mcheshi, aliyevaa kola nyeupe na saa kubwa, akaniita nisalimie usharika. Nikashika kipaza sauti. Nikasema mimi si mtunzi. Nikamtaja Mama Nakijwa kwa jina lake lote. Nikaisema ile sentensi ya maziwa na mizimu, nikasema niliibuni, nikasema niliulizwa mbele ya wazee nikaogopa kuikosa barua yangu, na kwamba mama yule alitengwa na Meza ya Bwana mpaka kufa kwa jambo ambalo hakulifanya, na ninyi leo mnauchezea wimbo wake. Nikasema naomba msamaha. Nilitegemea ukimya. Nilitegemea walau mtu mmoja anitazame kwa dharau, dharau ambayo nilikuwa nimeingoja miaka yote hiyo. Mchungaji akanikumbatia. "Usharika, mmeona unyenyekevu huu?" akasema. "Mwalimu wetu hata sifa hataki." Wakapiga makofi. Wanawake wakapiga vigelegele. Wakanivisha kitenge begani, nikasimama pale nimevishwa, na kinyaa kikanipanda kutoka tumboni kama siku ile nyuma ya mgomba. Kwaya ikarudia wimbo. Hawakubadilisha hata jina kwenye kile kijitabu. Walisema nakala za kwanza zimeshachapwa.

Mtu mmoja tu hakupiga makofi. Alikuwa bibi kizee aliyekaa safu ya nyuma karibu na mlango, mikono kwenye mapaja. Nilimtambua kwa wembamba ule wa mama yake. Ilipokwisha ibada nikamfuata nje, nikasimama mbele yake na kitenge changu cha kijinga. "Naetwe," nikasema. "Twende nyumbani," akasema, kama vile tumetoka darasani.

Nyumba ni ya matofali sasa, lakini jiko ni lile lile la nje, mafiga yale yale. Akanipa kigoda. Tukakaa. Nikamwambia sijui nianzie wapi. "Umeshaanza," akasema. "Nimesikia." Akachochea moto. "Mama alijua ni wewe. Alijua siku ile ile."

"Alisema nini?"

"Hakusema kitu. Wewe ulikuwa unakuja Jumamosi. Basi kila Jumamosi akipika alikuwa anapakua sahani yako, anaifunika, anaiweka pale juu." Akaonyesha rafu ya mbao yenye masizi. "Sisi tulikasirika. Tukamwambia, mama, yule hatakuja. Akasema ni aibu tu imemchelewesha, mtoto ana aibu, ataingia kupitia mlango wa nyuma akiwa na njaa. Jumapili tukiwa tunatoka kanisani anaichungulia. Jumatatu anampa mbuzi. Alifanya hivyo mpaka alipoanguka kitandani, na hapo kitandani aliniambia nisisahau kupakua. Nilipakua Jumamosi mbili baada ya kumzika. Halafu nikachoka, nikaacha."

Nilikuwa nimejiandaa kwa laana, kwa matusi, hata kwa msamaha, na yote hayo ningeyabeba. Naetwe akainuka, akafunua chungu, akapakua. Maharage mekundu, maziwa ya mgando juu. Harufu ikanipiga, na mdomo ukajaa mate machungu. Akaniwekea sahani magotini, wala hakunihimiza, akarudi kukaa upande wake wa moto, akanitazama.

Nikashika kijiko. Nilikula yote, polepole, mpaka sahani ikawa nyeupe, kisha nikaomba tena.